Habari za Rafiki Yangu Aliyependa Picha

Mwezi huu sina habari za safari wala za wakatekumeni. Nataka kuwaeleza habari za rafiki yangu, mwalimu wa shule, aliyefariki mwaka mmoja uliopita katika milima yetu ya Upare. Jina lake sitaliandika, kwa kuwa mjane wake ameniomba nisiliandike. Walio wa kwetu watamjua upesi. Nao walio mbali haidhuru wasipomjua, maana mambo yaliyompata yaweza kuipata nyumba yo yote.

Watu wengine hukumbukwa kwa mashamba waliyolima, wengine kwa nyimbo walizoimba kanisani. Huyu hukumbukwa kwa picha. Si picha za kutundika ukutani, bali zile ziendazo juu ya shuka jeupe wakati wa usiku, watu wamekaa nyasini wakitazama. Kila nimkumbukapo naona kwanza ule mwanga utokao katika mashine, na wadudu wakiruka ndani yake, kisha uso wake kando ya mwanga. Yeye hakutazama sana shuka. Aliwatazama watu.

Nitawaeleza picha mbili alizozipenda kuliko zote, na jambo lililonipata mimi kwa ajili yake. Jambo hilo ni aibu kwangu kulisema, lakini nalisema ili lifae wengine.

Mwaka 1994 tulikuwa wavulana wa darasa la sita katika kijiji kimoja cha upande wa Chome, chini ya msitu wa Shengena, ambao kilele chake chapanda hata mita 2,462. Siku zile sinema huko juu ilikuwa neno la kusikia tu. Ndipo Padre akatangaza baada ya Misa ya kwamba Jumamosi italetwa picha ya maisha ya Bwana Yesu. Ni ile iliyotengenezwa mwaka 1979 kwa kuifuata Injili ya Luka, ikapigwa katika nchi ile ile aliyoishi Bwana wetu, na Mwingereza Brian Deacon akashika nafasi ya Yesu. Hata leo imekwisha kutiwa katika lugha zaidi ya 2,000. Sisi tuliipata kwa Kiswahili.

Gari likapanda toka Makanya kwa shida, kwa kuwa mvua za vuli zilikuwa zimeanza na njia ilikuwa tope tupu. Vijana walilisukuma katika kona tatu. Shuka likafungwa kati ya mikaratusi miwili ya shule. Watu wakaja toka vitongoji vyote, wala si Wakatoliki tu. Walutheri walikuja, Wasabato walikuja jua lilipokwisha kuchwa, na Waislamu jirani zetu wakaja pia, kila mtu na kigoda chake na blanketi lake, maana baridi ya kwetu haichezewi.

Jenereta ikanguruma nyuma ya darasa, picha ikaanza. Bwana alipofungua kinywa akanena Kiswahili, mzee mmoja akamwitikia kwa sauti kuu, kama aitikiavyo barazani. Askari walipompiga mijeledi akina mama wakalia. Bibi mmoja, ambaye hakuwa Mkristu wa kanisa lo lote, akasimama akawakemea askari wale kwa Kipare, akawauliza kama wao hawakuzaliwa na mama.

Basi ikawa, Bwana alipokwisha kuteremshwa msalabani na kuzikwa, na jiwe limevingirishwa mlangoni pa kaburi, jenereta ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Petroli imekwisha. Tukangoja gizani. Mwenye mashine akatikisa dumu lake, halikulia. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, na tochi zao zikapotea katika migomba. Yule bibi akapita mbele yetu akijifunga kanga yake, akasema, "Kumbe wamemwua hivi hivi!"

Alfajiri rafiki yangu akabisha dirishani kwetu. Akaniambia, "Ondoka, twende tukatafute petroli. Watu wamekwenda kulala, na Bwana yumo kaburini."

Nikamwambia, "Leo ni Jumapili, kuna Misa."

Akasema, "Yule bibi haji Misa."

Sikuwa na jibu. Tukaenda kwa mwenye mashine, naye akakubali kungoja siku moja, akatupa dumu na fedha. Tukashuka mlima kwa miguu muda wa saa tatu. Makanya siku ile hapakuwa na petroli hata ya chupa. Tukaketi kando ya barabara kuu hata lori moja la jasi likatuhurumia, likatufikisha mjini Same. Huko tukajaza dumu, tukapata gari la kurudi Makanya, kisha tukaupanda mlima tukipokezana mzigo, mabega yakituuma na harufu ya petroli ikitupanda kichwani. Tulipofika jua limekwisha kuchwa, na watu wameketi uwanjani, maana habari zilienea ya kuwa wavulana wawili wameshuka. Picha ikaanzishwa tena pale pale ilipokatika. Bwana akatoka kaburini mbele ya macho ya yule bibi. Safari hii hakupiga kelele. Alisema tu, "Ahaa!" Mwaka uliofuata aliandikishwa katika mafundisho.

Mimi nilikwenda kuungama dhambi ya kukosa Misa. Padre akacheka hata miwani ikamtoka, akanipa malipizi ya kusoma sura ya 24 ya Luka yote. Lakini rafiki yangu toka siku ile akawa na msemo wake, akautumia maisha yake yote, kwa mwanafunzi aliyetaka kuacha shule na kwa fundi aliyeacha nyumba bila paa: "Usimwache mtu kaburini kwa ajili ya petroli."

Tulipokuwa watu wazima mimi nilisomea ukatekista, yeye ualimu, na sote wawili tukarudishwa milimani kwetu. Kwa mshahara wake akanunua luninga, mashine ya kanda na jenereta ndogo, akilipa kidogo kidogo. Na miaka ya baadaye akapata projekta. Siku za Jumamosi alivizungukia vigango, akipokea kwa kazi yake kibaba cha maharage au mkungu wa ndizi, na mara nyingi hakupokea kitu.

Mimi sikuipenda kazi ile. Naliona watu wakikesha Jumamosi na kusinzia Jumapili. Nikamwendea, nikamwambia kwa ukali kidogo, "Mwalimu, picha zako zawatoa watu katika Rozari."

Akajibu, "Katekista, wewe una mimbari, mimi nina shuka. Na tuone watu wa nani watasinzia kwanza."

Nikakasirika, tukakaa majuma mawili bila kutembeleana. Kisha akaja kwangu na makande ndani ya bakuli yaliyopikwa na mkewe, akaanza kunieleza mambo ya kale ya sinema, nami nikaona ya kuwa mtu huyu hakupenda picha kama mtoto apendavyo peremende. Alizichunguza kama fundi achunguzavyo ubao.

Aliniambia ya kuwa tukisimama Makanya na kutazama upande wa kusini na mashariki, reli iendayo Tanga hupita Mombo na Korogwe. Na juu ya Korogwe, katika milima ya Usambara, pana mahali paitwapo Vugiri. Hapo, mwaka 1935, Waingereza wawili, Bwana Notcutt na Bwana Latham, walianza kazi ya kutengeneza picha za kuwafundisha watu wa Afrika ya Mashariki. Baraza la Kimataifa la Misioni ndilo lililokuwa na shauri hilo, na fedha nyingi zilitoka katika shirika la Carnegie la Marekani. Hata mwaka 1937 walikuwa wametengeneza picha zipatazo 35, na waigizaji wake walikuwa Waafrika. Sauti hazikuwamo ndani ya filamu, ila zilitiwa katika sahani za santuri, ili picha moja iweze kusema lugha mbalimbali. Gari lao likazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasa na Rhodesia ya Kaskazini.

Picha moja ilihusu benki ya posta: watu wawili wanauza kahawa yao, mmoja azika fedha ndani ya nyumba na mwivi azichukua, mwenziwe aziweka posta nazo zakaa salama. Rafiki yangu hakuiona kamwe, lakini aliisimulia kana kwamba aliketi mbele yake, na kila mtu mwenye kufukia mambo yake asiwaambie wengine alimwita "mchimba shimo."

Alinieleza pia ya kuwa wakubwa wa serikali ya siku zile walidhani ya kwamba Mwafrika hawezi kufahamu picha isipokuwa iende polepole sana na kueleza jambo moja moja. Hapo alicheka. "Bibi yule," alisema, "aliifahamu picha ya Yesu kwa usiku mmoja hata akataka kupigana na askari." Akanikumbusha na Mzee Rashidi Kawawa, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1950 alishika nafasi kubwa katika picha ya Kiswahili iitwayo Muhogo Mchungu, kisha mwaka 1962 akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika, akafariki mwaka 2009 akiwa mzee wa taifa zima. Akasema, "Wewe wasema sinema ni mchezo. Tazama mchezo ulikomfikisha."

Toka siku ile tukapatana. Yeye hakuonyesha picha usiku wa kuamkia sikukuu, nami nikatangaza picha zake baada ya ibada.

Sasa nieleze picha ya pili. Ni picha ya Zimbabwe, iitwayo Neria, iliyotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Aliyeiongoza ni Godwin Mawuru, na hadithi yake ni ya mwandishi mwanamke Tsitsi Dangarembga. Neria na mumewe Patrick wafanya kazi kwa bidii mjini, wapata nyumba na watoto wawili. Patrick afariki ghafula kwa ajali njiani. Machozi hayajakauka, kaka wa marehemu, jina lake Phineas, aanza kuchukua mali, akisema ndiyo desturi. Neria kwanza anyamaza, kwa kuwa amefundishwa kunyamaza. Kisha, kwa kusukumwa na rafiki yake, aenda mbele ya sheria, na sheria yampa haki yake. Lakini hamchukii mama mkwe wake, wala hautupi ukoo wa mumewe.

Picha hii yasema Kiingereza. Rafiki yangu alisimama kando ya shuka na fimbo ya mwalimu, akawafasiria watu kwa Kiswahili, na penye uchungu mwingi kwa Kipare. Alikuwa na desturi moja. Phineas alipofika nyumbani kwa mjane, alisimamisha kanda. Watu wakapiga kelele wakitaka iendelee. Naye akawauliza, "Sasa niambieni, katika nyumba hii ninyi ni nani? Ni Phineas? Ni Neria? Au ni wale wazee walioketi ukutani wakinywa chai na kunyamaza?"

Kigangoni kwetu mzee mmoja akajibu, "Mwalimu, hayo ni ya Zimbabwe." Watu wakacheka, naye akacheka nao, akaiendeleza picha. Lakini usiku ule, tukirudi nyumbani na jenereta juu ya mkokoteni, aliniambia kwa sauti ya chini, "Rafiki yangu, nimewauliza wengine, nami sijajiuliza mwenyewe. Nataka kuandika wosia. Wewe uwe shahidi wangu."

Nikamwambia, "Vema. Kipaimara kikiisha, njoo."

Kipaimara kikaisha, akaja. Mimi nikamwambia tungoje maharage yavunwe, kwa kuwa nalikuwa na vibarua shambani. Akaja mara ya tatu, na karatasi yake mkononi, haijaandikwa kitu isipokuwa jina lake juu. Nikamtania, nikamwambia, "Mwalimu, waharakia wapi?" Akacheka, akaikunja karatasi, akaitia katika mfuko wa koti.

Mwezi haukupita. Siku ya Jumatatu alianguka darasani, chaki mkononi. Wakamchukua hospitali, na kabla ya magharibi amefariki. Walisema ni shinikizo la damu. Alikuwa na umri wa miaka 44, akaacha mke na watoto watatu. Katika mfuko wa koti lake mjane aliikuta karatasi ile imekunjwa, na juu yake jina tu.

Siku ya kumaliza matanga wazee wa ukoo waliketi barazani, nami nikaalikwa kwa kuwa ndimi niliyeongoza sala. Kaka wa marehemu akasimama. Akasema shamba la kahawa ni la ukoo, na nyumba ni ya ukoo, na mashine za picha atazichukua yeye ili zisipotee; mjane akipenda atakaa, asipopenda atarudi kwao. Alisema kwa utaratibu, kama mtu asomaye hesabu. Wazee wakatikisa vichwa. Chai ikaletwa.

Mjane alikuwa ameketi juu ya mkeka mlangoni. Hakulia. Alinitazama mimi. Nami, wasomaji wapenzi, naliinua kikombe changu, nikanywa chai.

Nawaza mara nyingi kwa nini nilinyamaza. Sikumpenda kaka yake kuliko yeye. Sikuahidiwa kitu. Niliogopa tu kuambiwa kwamba katekista aingilia mambo ya ukoo usio wake. Nimewafundisha watu miaka mingi habari za mtume Yakobo, anenaye ya kuwa mtu asikiaye neno bila kulitenda ni kama mtu ajitazamaye katika kioo, kisha aenda zake, na sura yake aisahau. Na mtume huyo huyo aonya katika sura ile ile juu ya kuwaangalia wajane na yatima katika dhiki yao. Naliyajua yote kwa moyo, nikanywa chai.

Nilipoondoka, binti mkubwa wa marehemu, msichana wa miaka kumi na minne, alinisindikiza mpaka mferejini na taa. Huyu ndiye aliyemsaidia baba yake kuwasha jenereta. Akaniuliza, "Baba mdogo, picha imekatika?"

Nikamwuliza, "Picha gani, mwanangu?"

Akasema, "Ya baba. Imekatika pale pale anapoisimamishaga."

Sikulala usiku ule. Nalimwona rafiki yangu akibisha dirishani na dumu mkononi. Alfajiri nikaamka, nikashuka mlima kwenda Same, njia ile ile, peke yangu.

Huko nikamwendea mtu mmoja asaidiaye watu katika mambo ya sheria. Alinieleza mambo ambayo kila mwalimu na katekista angefaa kuyajua, nami nayaandika kwa kifupi. Tamko la serikali la mwaka 1963 juu ya sheria za mila halikumpa mjane sehemu yake katika urithi wa mumewe, ila kutunzwa na watoto wake. Na watu wengi hudhani ndio mwisho wa maneno. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yasema wazi ya kuwa desturi yo yote imnyimayo mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi haina nguvu. Tena hakuna mtu, awe kaka au awe mjane, awezaye kugawa mali ya marehemu kwa kusema tu barazani. Yapasa kupata cheti cha kifo. Ukoo ukae na kuandika muhtasari wa kikao. Muhtasari upelekwe mahakamani pamoja na maombi. Mahakama itangaze, ili mwenye neno aseme. Ndipo imthibitishe msimamizi wa mirathi. Na msimamizi si mwenye mali. Yeye hukusanya, hulipa madeni, hugawa kwa haki, na hutoa hesabu mbele ya mahakama.

Nikarudi, nikawaomba wazee wakae tena. Wakakaa. Nikasimama, nikavua kofia, nikawaambia, "Kabla sijanena juu ya mtu mwingine, nina deni langu. Marehemu alinijia mara tatu niwe shahidi wa wosia wake. Mara tatu nalimrudisha. Karatasi tupu aliyoikuta mjane ni kosa langu, wala si lake." Nikawaeleza niliyofundishwa Same.

Palikuwa na kimya. Kisha kaka yake akanena, na hapo nilijua ya kuwa sikumfahamu. Huyu si mtu mbaya. Baba yao alipofariki, yeye ndiye aliyeuza ng'ombe wake wawili ili mdogo wake asome ualimu, akabaki mwenyewe na jembe. Akasema, "Ninyi nyote mwamwona mwalimu. Mimi naona ng'ombe wangu. Ng'ombe wangu wamo katika nyumba hii."

Na ilikuwa kweli. Hakuna aliyekuwa na jibu, wala mimi, wala sheria niliyoileta. Aliyejibu ni mjane. Alisema toka mkekani, "Shemeji, ng'ombe wako nawajua. Marehemu alinieleza hata rangi zao. Mmoja alikuwa mwekundu, wa pili ana baka jeupe usoni. Hakupata kuwasahau. Niache nikae na watoto katika nyumba hii, nami nitawalipa wote wawili, mmoja kwanza na mmoja baadaye."

Mzee wa ukoo akamtazama kaka wa marehemu. Yeye akatazama chini muda mrefu. Kisha akasema, "Waandike." Muhtasari ukaandikwa, mjane akachaguliwa kuwa msimamizi, na deni la ng'ombe wawili likaandikwa pia. Watu wote wakatia sahihi, naye akatia sahihi mwisho. Mahakama ikathibitisha baada ya miezi michache. Ng'ombe wa kwanza amekwisha kulipwa mwaka huu. Mimi na kaka huyo twaamkiana njiani, lakini nyumbani kwangu hajafika bado.

Mwezi uliopita tulifanya kumbukumbu ya mwaka. Asubuhi palikuwa na Misa. Baada ya Misa wanaume na wanawake wa kijiji wakashika majembe, tukafanya msaragambo katika shamba la mjane, tukazibua mfereji utokao katika ndiva, kwa kuwa ulikuwa umejaa matope toka msiba. Na jioni shuka likafungwa uwanjani pa shule. Mkaratusi mmoja ulianguka zamani, basi tukasimika nguzo mahali pake.

Binti yake ndiye aliyeshika mashine. Ndiye pia aliyesimama kando ya shuka na fimbo ya baba yake, akawafasiria watu Neria. Phineas alipofika nyumbani kwa mjane, akaisimamisha picha. Safari hii hakuna aliyepiga kelele, wala hakuna aliyesema ni mambo ya Zimbabwe. Msichana akauliza lile swali la baba yake. Mimi nalikuwa nimeketi mbele, nikainama.

Nyuma kabisa, chini ya mti, nalimwona kaka wa marehemu amesimama na blanketi mabegani. Hakuketi. Lakini hakuondoka mpaka picha ilipokwisha.

Wasomaji wapenzi, nami nimekwisha. Injili ya Luka, ambayo picha ya kwanza iliifuata, ndiyo peke yake itupayo habari za mjane wa Naini, na za mjane aliyemwendea kadhi dhalimu bila kuchoka. Nadhani si bure. Ninyi mlio na nyumba na watoto, andikeni wosia mkiwa wazima, wala msione ni kujitakia kifo. Na ninyi walimu na makatekista wenzangu, mtu akiwajia na karatasi yake, msimwambie habari za Kipaimara wala za maharage. Ketini naye siku ile ile. Na kama mmekwisha kuchelewa kama mimi, basi amkeni alfajiri, mshuke mlima.

Mwombeeni rafiki yangu, Mungu ampe raha ya milele. Mwombeeni na kaka yake. Dumu la jenereta lipo nyumbani kwa mjane, nyuma ya mlango. Usiku ule, kabla picha haijaanza, nalilitikisa mwenyewe, lilikuwa limejaa.

Ndimi ndugu yenu katika Kristu,
Katekista wa milimani, Same